Yetu ni Kesho

"Na jana ulikuwa wapi?"

Aliniuliza mbele ya watu, upawa mkononi, na mimi niliyekuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, niliyeamini hakuna swali ambalo singeweza kulijibu ama kulipindua, nikainamisha kichwa. Nikatazama sahani yangu. Pilau ilikuwa bado inatoa mvuke. Mama, aliyeketi kando yangu mkekani, alinifinya paja, lakini alikuwa amechelewa. Maneno yangu yalikuwa yameshatoka na kila mtu alikuwa ameyasikia.

Nilikuwa nimemwambia kwamba sikukuu yake ni ya uongo.

Mtaani petu Lurambi hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu, au Mwarimu kwa wengi wetu, ambao ulimi wetu haujali sana tofauti ya herufi hizo mbili. Alitoka Tanga, upande wa pili wa mpaka, akaja kufundisha Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na mji wa Kakamega, akapanga nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na yetu. Alikuja na begi moja na mkeka. Watu walidhani angekaa muhula mmoja. Alikaa hadi nywele zikawa nyeupe.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea kama mtu anayepita juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Mvua yetu, ambayo hunyesha karibu kila alasiri, hakuwahi kuizoea. Asubuhi ya jua kali ungemwona anatoka na mwavuli. Ukimwuliza, alijibu, "Hili jua silijui vizuri." Alikuwa amelijua kwa miaka kumi.

Lugha ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake. Alikuwa hawezi kumwacha mtu apite na kosa. Watoto wakimsalimia "Sasa, Mwarimu," alisimama katikati ya njia, akangoja, mpaka mmoja akumbuke kusema shikamoo, naye aitikie marahaba kwa sauti ndefu kama mtu aliyekunywa maji baada ya kiu. "Sema tena," alituambia. "Pole pole. Kama mtu mwenye meno."

Jirani mmoja tu ndiye aliyemshinda. Huyu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi pale kwenye kona, na wote tulimwita Mzee wa Posho.

"Mwarimu, leo ni baridi. Hii mvua itareta mafua."

"Italeta."

"Ndiyo hiyo. Itareta."

"I-ta-le-ta."

"Mwarimu, hiyo mafua ikikushika, utajua kama imereta ama imeleta?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Nafikiri hapo ndipo alipopata rafiki, ingawa hakukubali kamwe kwamba ana rafiki Kakamega. Alikuwa, kwa maelezo yake, mpita njia.

Jumamosi alinifundisha barazani kwake bila malipo, kwa sababu Mama, aliyekuwa fundi wa kushona sare za shule, alikuwa amemwambia kwamba ninauliza maswali mengi na yeye hana nafasi ya kuyajibu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi nilipomwandikia insha yangu ya kwanza. Sentensi ya kwanza ilisema: Mama yangu ananipenda sana. Chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu neno moja, Umejuaje?

Nililia. Nikavuka barabara na daftari, nikamwonyesha Mama. Mama akasoma, akarudisha macho kwenye cherehani yake.

"Mwambie nimekununulia viatu."

Nikarudi nikamwambia.

"Basi andika viatu," akasema. "Mapenzi sijayaona. Viatu nimeviona."

Nililichukua neno lile nikaondoka nalo. Nilimwuliza mwalimu wa shule ya Jumapili, umejuaje? Nikaambiwa nikae nyumbani mwezi mzima nitubu. Nilimwuliza daktari, nilimwuliza mgombea kiti aliyekuja kutugawia kofia, niliuliza kila nilipokaa. Watu husema nilikuwa mbishi tangu kuzaliwa. Si kweli. Nilifundishwa, barazani, Jumamosi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Hakupanda hata mchicha nyuma ya nyumba, kwa kuwa alikuwa haishi hapa, lakini ua wa mwenye nyumba ulipoanguka aliuinua kwa mikono yake mwenyewe. Ugali wetu, obusuma, aliusema vibaya wiki nzima, kisha akala sahani mbili. Alituambia michezo ya kelele ni ya watu wasio na la kusema, na siku ya vita vya mafahali kule Malinya alitoweka. Alirudi jioni bila sauti, suruali imejaa matope hadi magotini, jani moja limenasa kwenye miwani. "Nilikwenda kusikiliza msamiati," alimwambia Mama kwa kunong'ona.

Kila mwaka alisema mwakani anarudi kwao. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetaja siku ya soko.

Siku moja akatangaza kwa Mzee wa Posho kwamba ametumiwa mbuzi kutoka Tanga. Kifurushi kilikuwa kimefika mjini, ofisi ya basi, na alikuwa anakwenda kukichukua. Habari ikafika kila nyumba kabla yeye hajafika kituoni. Tulishangaa mbuzi amevukaje mpaka ndani ya basi, lakini nyama ni nyama. Mzee wa Posho alinoa kisu. Mama alikata vitunguu. Mwalimu aliposhuka kwenye bodaboda alikuta watu kumi na watatu wamesimama langoni kwake, mmoja ameshika kamba.

Alifungua gunia, akatoa kigoda kidogo cha mbao chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno.

"Mbuzi yuko wapi?" akauliza Mzee wa Posho.

"Huyu hapa."

"Mwarimu. Hiyo ni kiti."

"Ni mbuzi. Ya kukunia nazi."

Mwenye kamba akaificha mgongoni. Kisha Mzee wa Posho akainama, akakitazama kile kigoda kichwani na mkiani. "Ni dume ama jike?"

Siku hiyo Mwalimu alipika wali wa nazi kwa watu kumi na watatu, nazi mbili zikiwa ndizo zote alizonazo, na akaeleza tena na tena, huku ameketi juu ya mbuzi wake, jinsi mama yake alivyokuna. Sijawahi kuona mtu akiwa na furaha hivyo kwa sababu ya kutoeleweka.

Lakini sikukuu ndiyo iliyomweka wazi.

Idi ya kumaliza mfungo ikifika, alitoka alfajiri na kanzu nyeupe kwenda kuswali msikitini mjini, akarudi, akafunga mlango. Kwao Tanga kulikuwa na mke, watoto wakubwa, wajukuu. Safari ya kwenda huko ilikuwa siku mbili, na shule zetu hazikuwahi kufungwa kwa muda wa kutosha. Kwa hiyo siku ile mlango wake ulikuwa mlango wa mtu aliyesafiri. Ukimwuliza, "Mwarimu, leo si Idi?" alijibu jibu lile lile miaka yote: "Ya serikali ni leo. Yetu ni kesho."

Sote tulielewa. Yetu ilikuwa yao, ya Watanzania, ambao mwezi wao huandama kwa wakati wao. Mzee wa Posho alikuwa na maelezo kamili. "Mwezi wa Tanzania ni kama wenyewe. Hauna haraka. Unapitanga kwanza kila nyumba ukisema shikamoo, ndiyo sasa unafika."

Na kesho yake, tangu saa sita mchana, mlango ule ulikuwa wazi kabisa, umezuiwa na jiwe usijifunge. Mkeka ulitandikwa. Sufuria aliyoipikia pilau ilikuwa kubwa kiasi cha kumwogeshea mtoto. Mama alivuka barabara na kuku hai, miguu imefungwa, kwa sababu alijua Mwalimu lazima amchinje mwenyewe. Watu walikuja wakitoka kazini, wakavua viatu mlangoni, na Mwalimu, akijifanya anaangalia mvua, alichungulia nje kuhesabu viatu. Vikizidi jozi kumi alianza kuimba chini kwa chini akipakua.

Watu hawa wote walikuwa Wakristo. Waislamu wako wengi Mumias, si mbali, na kila mwaka kulikuwa na nyumba iliyomwalika. Alikwenda siku nyingine. Siku ile hakwenda popote.

Kuku alipoiva, Mwalimu aliweka firigisi kwenye sahani ya Mama. Kwetu firigisi, imondo, ni ya mwanamume mwenye boma. Mtu akiona mwanamke anaitafuna, anatafuta aliko mume. Baba yangu alikuwa amekufa nikiwa darasa la kwanza, na tangu hapo imondo ya kila kuku wetu ilikuwa inapelekwa kwa baba mkubwa, imefunikwa na kibakuli. Mara ya kwanza nilipoona firigisi mbele ya Mama nilidhani Mwalimu hajui. Mzee wa Posho naye alidhani hivyo, akamwinamia.

"Mwarimu, pole, hiyo ni ya mwenye boma."

"Najua. Nimeambiwa."

"Sasa?"

"Sasa lile boma la pale ng'ambo," akasema Mwalimu akielekeza upawa kwenye nyumba yetu, "mwenyewe ni nani?"

Watu wakageukia nyumba yetu. Mama aliichukua firigisi kwa vidole viwili, akaila polepole, akitazama ukuta. Kila mwaka ikawa hivyo. Nilimwona Mama kanisani, nikamwona sokoni, nikamwona mbele ya wazee wa ukoo wakimgawia maneno. Hakuna mahali pengine alipokaa vile, mgongo umenyooka, akitafuna bila haraka.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilitumwa kurudisha bakuli lake, na kwa bahati ilikuwa siku ile ya serikali. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Nilibisha, sikusikia kitu, nikausukuma. Mwalimu alikuwa ameketi mkekani na kanzu yake, sahani ya wali mbele yake. Simu ilikuwa chini, imelala mkekani, sauti imefunguliwa. Ndani ya simu kulikuwa na vyombo. Vijiko viligonga sahani, mtoto alilalamika kanyimwa paja, mwanamke alisema mpe basi, mtu alicheka mbali. Hakuna aliyekuwa anaongea na Mwalimu, wala yeye hakusema kitu. Walikuwa wamemweka pale wakaendelea kula. Naye alikuwa anakula kwa mwendo wao. Vijiko vya kule vikipungua, chake kilingoja.

Aliponiona aliinua kidole.

"Ngoja," akanong'ona. "Hawajamaliza."

Nikasimama na bakuli. Walipomaliza, simu ilikatika yenyewe. Akachukua bakuli, akaniambia asante, akaniambia nirudi kesho.

"Lakini Mwalimu, hawa wanakula leo."

"Rudi kesho, binti. Yetu ni kesho."

Nililiweka jambo hilo. Sikulielewa, lakini sikulisahau, na nilipofika chuo kikuu nikawa na simu yangu na ugonjwa wangu wa kuuliza, nikalichimbua. Mwaka wa tatu nilirudi nyumbani wakati wa Idi. Siku ile ya serikali nilimwona Mwalimu kupitia dirisha, saa saba mchana, akinywa chai. Mfungo ulikuwa umekwisha, basi. Nikafungua habari za Tanzania kwenye simu. Walikuwa wanasherehekea siku ile ile. Nikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Mara moja moja nchi hizi mbili zilitofautiana. Mara nyingi hapana. Na Mwalimu alikuwa anachelewa siku moja kila mwaka, mwezi uwe umeonekana popote.

Kesho yake tulikuwa mkekani, jozi kumi na nne mlangoni, Mwalimu anaimba. Mzee wa Posho akaanza hadithi yake ya mwezi unaosema shikamoo. Watu wakacheka kabla hajafika mwisho, kwa sababu waliijua. Mimi sikucheka.

"Mzee, mwezi haukuchelewa," nikasema. "Tanzania walikula Idi jana."

"Aka, wewe mtoto. Jana ilikuwa ya serikali."

"Jana ilikuwa ya kila mtu. Iko hapa kwenye simu. Na mwaka jana pia. Mwalimu mwenyewe jana alikuwa anakunywa chai mchana." Nikamgeukia. Nilikuwa najivuna, sitaficha. Nilitaka aone nilivyofunzwa vizuri. "Mwalimu, umesema leo ndiyo Idi. Umejuaje?"

Aliacha kuimba. Alinitazama kwa muda, kisha akatazama upande wa Mama, kisha akarudisha macho kwangu. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama anasahihisha.

"Umesoma vizuri," akasema. "Ulijua ya kwamba Idi ilikuwa jana."

"Ndiyo."

"Na jana ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo tulipoanzia. Nilikuwa chumbani kwangu, hatua thelathini kutoka mlango wake uliofungwa, nikikusanya ushahidi.

Watu walimaliza kula. Hakuna aliyegombana na mtu. Mzee wa Posho alijaribu mzaha mwingine ukaanguka. Wakati wa kuondoka kila mtu alivaa viatu vyake kwa haraka kidogo kuliko kawaida, kama watu waliogundua wamekaa kwenye karamu ya jirani mwingine kwa makosa. Njiani Mama alitembea mbele yangu. Alipofika mlangoni kwetu akasema, bila kugeuka, "Mwezi wa watu unakuhusu nini?"

Mwaka uliofuata nilikuwa chuoni. Mwalimu hakumwambia mtu kwamba yetu ni kesho. Labda aliona haya. Labda alitaka kuona. Siku ya serikali majirani hawakwenda, kwa sababu hakuwahi kuwaalika siku hiyo. Kesho yake hawakwenda, kwa sababu sasa walijua Idi imepita, na mtu haendi kula sikukuu iliyopita. Mama alinipigia simu jioni.

"Mlango ulikuwa wazi na jiwe," akasema. "Nilienda na kuku. Tulikula wawili."

"Pole, Mama."

"Alikuwa amepika na ile sufuria."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Ile kubwa," akasema Mama, akakata simu.

Baada ya chuo nilipata nafasi ya kusoma zaidi ng'ambo, katika mji wa baridi ambako saa tisa mchana giza limeingia. Krismasi ya kwanza wenzangu wote wa pale bwenini walikwenda makwao. Nilinunua kuku dukani. Hakuwa na kichwa, hakuwa na miguu, na nilipompasua hakuwa na firigisi; niliitafuta ndani kwa mkono kama mtu aliyeangusha pete. Nilikuwa nimewaambia watu miaka mingi kwamba tarehe ishirini na tano haina ushahidi, kwamba hakuna anayejua. Nilikuwa na hoja zote. Nilikaa nazo mezani.

Nikampigia Mama. Nyumba ilikuwa imejaa, baba mkubwa, binamu, kelele. Alinisalimia, akanipitisha kwa kila mtu, kila mtu akaniuliza kama kuna theluji. Kisha Mama akasema chakula kinapoa, nitakupigia baadaye.

"Usikate," nikasema. "Weka tu simu hapo mezani."

"Mezani? Utakuwa unafanya nini?"

"Hakuna. Kuleni."

Akaiweka. Nikasikia vyombo. Nikachukua kijiko changu, na nilikuwa nimekula vijiko vitatu, vinne, kabla sijatambua kwamba ninangoja mwendo wao.

Niliporudi nyumbani Mwalimu alikuwa amestaafu na alikuwa anafungasha. Safari hii 'mwakani' yake ilikuwa imefika. Nilimkuta ameketi juu ya mbuzi katikati ya chumba, vitabu vimefungwa kwa kamba, mkeka umekunjwa. Macho yalikuwa yamepungua nguvu. Nilisema shikamoo kutoka mlangoni.

"Marahaba. Ni nani huyo mwenye meno?"

Nikamwambia. Akafurahi, akanipa nafasi ya kukaa juu ya kifurushi. Nilikuwa nimemletea tende. Alizishika, akazinusa, akauliza habari za masomo, akasahihisha neno moja nililolisema kwa Kiingereza bila kujua. Nikaona nikingoja zaidi nitaondoka bila kusema.

"Mwalimu, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Ile sikukuu."

"Ulisema uongo?"

"Hapana."

"Basi unaniomba radhi kwa kusema kweli. Hilo sikukufundisha mimi."

"Watu waliacha kuja."

"Waliacha," akakubali. Akazigeuza tende mkononi. "Mzee wa Posho alirudi. Alikuja siku si zake, akasema Mwarimu, mimi mwezi sijui, mimi njaa ndiyo najua." Akacheka peke yake. "Na mama yako hakuacha."

Nilikuwa nimefikiria jambo moja kwa miaka, kule kwenye baridi, na nikaliuliza. Kwao Tanzania Idi ni siku mbili, mosi na pili, hata kalenda yao inasema hivyo. Siku ile angeniambia tu, binti, hii ni Idi pili, nami ningenyamaza. Hoja yangu yote ingeanguka. Kwa nini hakusema?

"Kwa sababu mama yako alikuwa ameketi hapo," akasema, na kwa mkono akaonyesha mahali pa mkeka, ingawa mkeka ulikuwa umekunjwa.

"Mama anahusika vipi?"

"Ningesema ni Idi pili, angeuliza mosi ilikuwa lini. Si wewe tu mwenye kuuliza katika nyumba yenu." Akasimama kwa taabu, akaniambia mvua inakuja, nimsaidie kuingiza vile vitabu ndani zaidi. Hakukuwa na mvua. Nilivisogeza.

Alimwachia Mama yule mbuzi. Asubuhi aliyoondoka Mzee wa Posho alimbebea begi hadi barabarani, na mwavuli, na akakataa kumpa mkono mpaka Mwalimu aseme, kwa sauti, mbele ya watu wa bodaboda, "Safari itareta heri." Akasema. Nasikia alisema vizuri sana.

Ilipita karibu mwaka kabla sijamwuliza Mama. Alikuwa jikoni, amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi vibaya, nusu inaanguka sakafuni. Nikamwuliza ilikuwaje akaanza kumpelekea Mwalimu kuku.

"Si ule mwaka alikuja? Baba yako ametoka kufa. Nikaona huyu mtu hana mtu. Nikasema sikukuu yao ikifika nitaenda." Alipangusa paji la uso kwa kiwiko. "Ilikuwa Jumatatu. Najua kwa sababu shule zilifungwa ya Idi na hakuna mtoto alikuja kupimwa sare. Nikakuacha kwa kukhu, nyanya yako, nikakamata yule jogoo mwekundu, nikapiga hodi."

"Akafungua?"

"Akafungua na nguo za nyumbani. Alikuwa anafua kanzu, imagine, kanzu iko kwa karai, mimi nasema moyoni, hawa wanafuanga siku ya sikukuu? Nikamwambia, Mwarimu, Idi njema. Akaniangalia. Akaangalia kuku. Akaangalia tena mimi. Akasema, 'Karibu ndani, dada. Nilikuwa nakungoja wewe.' Akafunika lile karai haraka, akaenda akawasha jiko."

"Ukala?"

"Nikala. Hiyo ndiyo siku alinipa imondo mara ya kwanza." Alitabasamu akitazama nazi. "Sasa unaangalia nini kwa hiyo simu?"

"Hakuna, Mama."

Nilikuwa nimefungua kalenda ya mwaka ule. Serikali iliwapa watu mapumziko Jumatatu kwa sababu sikukuu ilikuwa imeangukia Jumapili. Idi ilikuwa jana yake.